Amekuwa wa ngapi?

Ukitaka kujua mwalimu wa Darasa la Tatu amechoka kiasi gani, usimtazame usoni. Chukua ripoti zake za Juni, shuka mpaka mstari wa chini ulioandikwa "Maoni ya mwalimu wa darasa", kisha anza kusoma. Ripoti kumi za mwanzo ni za mtu aliyelala vizuri: "Ana uwezo mkubwa ila anapenda mazungumzo darasani, mzazi tushirikiane." Ukifika ya arobaini unakuta "Aongeze bidii." Ya sabini, "Bidii iongezwe." Mimi nimewahi kufika ya themanini na kitu nikaandika "Bidii" peke yake, na nukta. Ya mtoto wa kwanza darasani ndiyo rahisi kuliko zote. "Hongera." Sekunde nne, unageuza karatasi.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, upande wa Tukuyu. Huku mvua haibishi hodi, inaingia tu, na ikiwa juu ya bati mwalimu anafundisha kwa mikono. Wazazi wetu ni watu wa migomba, chai, viazi na siku hizi maparachichi. Shule iko kwenye mgongo wa kilima, na chini ya uwanja wa mpira kuna korongo ambalo kila mwaka linasogea karibu na goli la kusini. Mpira ukitumbukia humo, kipindi cha michezo kimekwisha.

Januari 2024 nilipangiwa Darasa la Tatu, mkondo B. Watoto 91. Dawati la watatu wanakaa wanne, na wa pembeni anaandika akiwa ameweka mguu mmoja chini kama mtu anayesubiri kushuka kwenye Kosta. Ulikuwa mwaka wa mtaala mpya. Ulianza na Awali, Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu, wengine wakaendelea na wa zamani. Kwa hiyo hawa wangu ndio waliofungua njia. Elimu ya msingi kwao ni miaka sita, watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yao kwa darasa moja watakuwa wanamaliza la Saba. Kaka na mdogo wake watatoka mlango mmoja siku moja. Wazazi bado wananiuliza imekuwaje, nami bado nawachorea chini kwa kijiti.

Sasa nieleze kinachotokea Darasa la Tatu, maana watu wengi wanadhani ni darasa la katikati tu, halina jambo. Darasa la Kwanza ni la kuanza shule. La Nne lina upimaji wa kitaifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kila mtu anaanza kulizungumza kuanzia Machi. La Tatu halina sherehe wala hofu. Lakini humo ndani ndimo shule inapogeuka.

Tangu mwaka 2015 Darasa la Kwanza na la Pili uzito wake mkubwa uko kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Vipindi vya dakika 30, nyimbo, silabi, vihesabio vya visoda. Mtoto akivuka Januari kuingia la Tatu, kipindi kinakuwa dakika 40 na masomo yanamwagika kama viazi vilivyokatikiwa na gunia: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Elimu ya Dini. Kila somo lina kitabu chake na daftari lake, na mzazi anashtuka kwanza kwa bei ya madaftari kabla ya kushtuka kwa lolote lingine. Ada ilifutwa, ndiyo, elimu bila ada ilianza Januari 2016. Daftari halikufutwa.

Na hapo ndipo penye mgeuko wenyewe. Kusoma, ambako Desemba kulikuwa somo, Januari kunakuwa jembe. Hakuna tena kipindi cha kukufundisha kulishika. Umegawiwa shamba, lima. Mwalimu wa Sayansi anaandika ubaoni akijua unasoma. Mwalimu wa Jiografia vilevile. Mara nyingi wote hao ni mimi mwenyewe.

Halafu tunapima. Shuleni kwetu kila karatasi ina alama 50, na mgawanyo ni uleule wa upimaji wa kitaifa: 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, 10 kushuka chini ni E. Ukiiweka Dini pembeni, masomo saba yanafanya jumla ya 350. Unajumlisha, unapanga kuanzia mkubwa hadi mdogo, unaandika nafasi. "Amekuwa wa 36 kati ya 91." Watoto 91 mara karatasi saba ni karatasi 637, zinasahihishwa usiku kwa taa, na asiyeamini aje Juni atanikuta nimevaa koti na blanketi kwa wakati mmoja.

Kuhusu hiyo nafasi nina la kusema. Muhula ule wa kwanza nilikaa nikatazama orodha yangu mwenyewe. Kati ya mtoto wa 38 na mtoto wa 51 tofauti ilikuwa alama tisa. Tisa kati ya 350! Watoto kumi na wanne wamekaa juu ya kipande kidogo hivyo, na kila mmoja atakwenda nyumbani na namba tofauti. Yule wa 38 atanunuliwa soda pengine, wa 51 atakosa usingizi. Swali moja la kuchagua jibu likipindishwa kidogo, orodha inajipanga upya yote. Lakini ukishaandika namba kwa wino inaonekana kama imetoka mlimani.

Siwalaumu wazazi kwa kuipenda. Baba yangu, nilipokuwa Darasa la Tatu, hukohuko bondeni kwetu, alikuwa akiipokea ripoti, anaikunja mara nne, anaitia ndani ya kofia, kisha ananiuliza njiani: "Umekuwa wa ngapi?" Hakuwahi kuuliza jingine. Nafasi ni lugha ambayo haihitaji mkalimani, hata asiyejua kusoma anajua tatu ni ndogo kuliko arobaini. Mwanzoni mwa 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Nikasema sawa, sasa tutapumua. Wiki hiyohiyo yakatoka matokeo ya mtihani wa ujirani mwema wa shule zetu, yakabandikwa ofisini: shule ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Sisi tulikuwa wa nne. Na nakiri nilifurahi.

Sasa nije kwa kijana wangu.

Alikuwa anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha lisilo na kioo, mtoto mdogo, mwenye sweta la rangi ya kahawia lililokuwa la mtu mkubwa zaidi. Nikiuliza swali kwa mdomo mkono wake ulikuwa wa kwanza. Siku moja kwenye Jiografia na Mazingira nilikuwa nahangaika kueleza mmomonyoko wa udongo, nimeshachora kilima ubaoni hakifanani na kilima, yeye akasimama bila kuitwa: "Mwalimu, ni kama pale korongoni. Maji yanaiba udongo usiku. Bibi yangu kapanda majani ya tembo ukingoni, kwake hayaibi." Darasa likacheka kwa hilo neno kuiba. Mimi nikafuta kilima changu.

Mtihani wa Juni ulipokuja, Jiografia akapata 9. Sayansi 7. Historia 8. Kiswahili 6, na kwenye imla alikuwa ameandika herufi ya kwanza ya kila neno vizuri kabisa, kisha mistari ya mawimbi. Maswali ya kuchagua alizungushia B kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Kiingereza sitaki hata kusema. E, E, E. Nilizijaza kwenye ripoti moja baada ya nyingine kama mtu anayepiga misumari, nikafika kwenye maoni nikaandika (niko tayari kuaibika hapa) "Aongeze bidii."

Kitu pekee kilichokuwa kimekaa vibaya kwenye hiyo safu ni Hisabati. Alama 23, C. Niliiona, nikaipita. Nilikuwa ripoti ya themanini na ngapi sijui.

Siku ya kugawa ripoti alikuja bibi yake, amevaa buti za mvua na khanga mbili. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa, "Mwagonile," akaitikia, akakaa kwenye dawati la mjukuu wake akalijaza lote.

"Amekuwa wa ngapi?"

"Wa 88, bibi."

"Kati ya wangapi?"

"Tisini na mmoja."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo kuna watatu nyuma yake."

Sikujua kama anatania. Nikaanza hotuba yangu ya bidii, asiende kuchunga siku za shule, apewe muda wa kujisomea, awashiwe taa. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, kwamba hilo la kichwa kizito linamshangaza, kwa sababu huyu mtoto ndiye anayemtuma kila mahali. "Nikimpa maneno kumi ayapeleke kwa shangazi yake Kiwira, yanafika kumi. Halipungui hata moja. Na hela za maparachichi ananihesabia yeye, tajiri hawezi kuniibia." Akasema "ndaga fijo, Mwalimu", akaondoka na ripoti ndani ya khanga.

Maneno kumi yanafika kumi.

Niliyabeba hayo mpaka nyumbani. Nikatoa karatasi ya Hisabati ya kijana kwenye boksi. Sehemu ya kwanza, zile za namba tupu, jumlisha, toa, zidisha, tarakimu nne kwa tarakimu tatu: alikuwa amekosa mbili tu. Sehemu ya pili, yenye "Mama alikwenda sokoni akiwa na shilingi...": nyeupe. Hakuna hata doa. Mtoto anayemhesabia bibi yake hela za maparachichi kashindwa na mama wa kwenye karatasi. Hapo hata mimi nikaelewa.

Shule ilipofunguliwa Julai nikamwita wakati wa mapumziko, nikampa kitabu cha kusoma cha Darasa la Pili. Akakishika vizuri, akasoma ukurasa wote kwa sauti ya kupanda na kushuka, na pale penye alama ya kushangaa akashangaa. Nikafurahi. Kisha, sijui nani alinituma, nikaweka kiganja juu ya picha. Kusoma kukakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikatoa kiganja, kukarudi. Nikamwonyesha kwa kidole neno moja katikati ya mstari, nikamuuliza hili ni nini. Akaanza mstari upya tangu mwanzo, kichwani, midomo ikicheza, akihesabu mpaka afike nilipoweka kidole.

Alikuwa amekariri kitabu kizima. Picha ndizo zilikuwa zikimwambia yuko ukurasa gani. Miaka miwili darasani, katika sauti za watoto tisini wakiimba silabi kwa pamoja, alikuwa amejifunza kusikia wenzake wanavyosoma na kurudisha bila kupunguza neno. Aliipeleka shule kama anavyopeleka ujumbe wa bibi. Na mimi, miezi sita, nilikuwa nampa E za Sayansi kwa mambo ya Sayansi aliyokuwa anayajua.

Nilifanya jambo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wowote. Nilichukua mtihani uleule wa Sayansi nikamsomea maswali, yeye akijibu kwa mdomo, mimi nikisahihisha kwa haki. Akapata 33. Kutoka E mpaka B kwa kutumia masikio badala ya macho. Sikuweza kuiandika hiyo 33 popote. Rejista ya alama ilishafungwa, na hata ingekuwa wazi ningesema nini? Ningewasomea wote?

Ndipo nikaona kasoro ya ile karatasi yetu. Mtu mwenye malaria akipimwa asubuhi, mchana na jioni akakutwa nayo, hatuandiki kwamba ana magonjwa matatu. Ripoti yetu inafanya hivyo. Mtoto asiyejua kusoma ana kasoro moja, nayo inaandikwa kwenye Kiswahili, inaandikwa kwenye Sayansi, kwenye Jiografia, kwenye Historia, na nusu yake kwenye Hisabati, kisha zinajumlishwa zote na kupewa nafasi. Mzazi anatazama safu ya E anaona mtoto aliyeoza kila upande. Mtoto naye anaitazama na kuamini. Nimewasikia wakijitambulisha kwa hizo herufi uwanjani: "Mimi ni wa E."

Jambo hili ni la zamani, kabla ya mtaala huu. Utafiti wa Uwezo, uliokuwa ukipita nyumba kwa nyumba kuanzia 2010 na kuwapima watoto kwa hadithi ya kiwango cha Darasa la Pili, ulikuta miaka ile ya mwanzo kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Darasa la Tatu hawaisomi. Tulibishana sana kuhusu utafiti ule vyuoni. Wengi tulisema wanaopima hawajui mazingira yetu. Siku hizi nasema kidogo.

Niliamua kuwapima wote 91. Mmoja mmoja, dakika moja au mbili kila mtu, aya fupi ambayo hawajawahi kuiona, isiyo na picha. Ilinichukua siku tisa za mapumziko, chai yangu ikipoa ofisini. Walioshindwa kusoma hata sentensi moja walikuwa 14. Wengine 23 walisoma kwa kukokota, silabi baada ya silabi, na ukiwauliza umesoma nini wanakutazama kama umewauliza habari za Zambia.

Kilichonishangaza zaidi ni walivyokaa kwenye orodha ya nafasi. Nilitegemea wale 14 wawe wale 14 wa mwisho. Hapana. Mmoja alikuwa wa 47, anakaa na binamu yake na ana shingo ndefu. Wengine walitawanyika kuanzia 61. Na katika kumi wa mwisho kabisa nilikuta wawili wanaosoma vizuri kunizidi mimi asubuhi ya baridi. Mmoja alikosa shule wiki tano, wazazi walikuwa wamekwenda kwenye mpunga Mbarali wakamchukua abebe mdogo wake. Mwingine hakuwa anapata kitu tumboni mpaka saa kumi jioni, kwa hiyo mitihani ya mchana alikuwa anailala. Wawili hawa walikuwa na E zilezile za kijana wangu. Nami niliwaandikia maoni yaleyale. Bidii.

Nikaunda kikundi cha asubuhi. Saa moja kasorobo, kabla ya mstari, watoto 14 na mimi, ukungu umejaa mpaka huoni ofisi ya walimu. Silabi tuliandika ndani ya visoda nilivyookota Tukuyu mjini, nyuma ya baa, nikiomba wazazi wasinione. Maboksi ya sabuni tukayakata kadi. Mtoto anavuta visoda viwili anaunganisha, anasoma, kama ni neno anabaki navyo. Siku ya kwanza walikuja na neno "baba" na "kaka" wakachoka. Wiki ya tatu walikuwa wanagombania kisoda cha "nda" kwa sababu kinatengeneza ndama, ndani na panda. Wachanganyao r na l, ambao huku ni wengi, nami nikiwemo nikikasirika, waliunda neno "lipoti" wakasisitiza ni halali. Tulicheka, tukalivunja. Kinyakyusa nilikitumia kueleza maana. Kama kuna anayetaka kunishtaki kwa hilo, nipo.

Sitaki kuongopa kwamba ilikuwa rahisi. Kuna asubuhi walikuja wanne. Kuna wiki ya mvua sikuja mimi. Kijana wangu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote, kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa inamharibia kazi: ukimpa sentensi mara mbili ameshaikariri, haisomi tena. Ilibidi kila siku nimwandikie mpya. Nilimaliza habari zote za kijiji. Nikaanza kumwandikia kuhusu mimi, nilivyoanguka kwenye pikipiki, nilivyokula kande za jana. Hizo alizisoma haraka sana, nadhani kwa umbea.

Septemba alisoma ubao wa Sayansi bila kuuliza. Mstari mmoja, taratibu, kidole kikitembea hewani. Hakuna aliyeona isipokuwa mimi na jirani yake, ambaye alikasirika kwa kuwa kidole kilimziba.

Nilipofika Desemba niliandika maoni kwa namna nyingine. Ule mstari mmoja haukutosha, nikakata vikaratasi, kila mtoto chake: anasoma au bado, anaelewa anachosoma au bado, kwenye hesabu anashindwa namba au anashindwa maneno, na jambo moja alilolifanya mwaka huu nililoliona kwa macho yangu. Nikavibana nyuma ya ripoti kwa stepla. Mwalimu Mkuu akapita, akavitazama, akauliza, "Haya yote nani atayasoma?" Nikasema sijui. Akaenda. Kesho yake nikakuta boksi la pini za stepla mezani kwangu, hakuna aliyesema kaliweka nani.

Vikaratasi 90, maana mmoja alihamia Mbarali moja kwa moja. Kimoja kilinichukua dakika sita au saba, na vingine nilivirudia mara mbili. Kuhusu watoto kama ishirini hivi niligundua kwamba sina la kuandika kwenye ile nafasi ya mwisho. Nilikaa nao mwaka mzima na sikuwa nimewaona wakifanya lolote. Hao ni wale wa katikati, wa 30 hadi 60, wanaokuja, wanakaa, wanaandika tarehe vizuri.

Bibi alikuja tena na buti zake. Safari hii alikuja na mjukuu, na ndizi mbivu kwenye mfuko wa rambo, ambazo nilizikataa mara moja tu kwa ajili ya heshima.

"Amekuwa wa ngapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Bibi, ngoja kwanza akusomee mwenyewe." Nikamgeuzia kijana kile kikaratasi. Hakuwa amekiona. Akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaweka kidole, akaanza. Anasoma. Taratibu. Anaelewa. Sana. Hesabu za maneno, sita kati ya kumi. Akafika kwenye mstari wa mwisho nilipokuwa nimeandika kwamba alitueleza mmomonyoko wa udongo kuliko kitabu, akaganda kwenye "mmomonyoko", akarudi nyuma, m, mo, mo, akalivuka. Darasa lilikuwa tupu na bati lilikuwa limetulia kwa mara moja. Bibi alikuwa amefumba macho.

Alipomaliza bibi akafumbua macho, akamtazama mjukuu, akanitazama.

"Sawa. Lakini wa ngapi?"

"Wa 74, bibi."

"Kati ya?"

"Tisini."

Akahesabu kwa vidole, akakubali kwa kichwa, akainuka. Nilisikia wakishuka njia, yeye akimwambia mtoto kwamba kumi na sita nyuma siyo wachache.

Jioni ile nilibaki kuhesabu vitabu vya kurudisha stoo. Aliyekuwa akinisaidia ni yule binti wa kwanza. Wa kwanza Juni, wa kwanza Desemba, A za mfululizo, daftari lisilo na kunyanzi. Mzazi wake alikuwa ameomba aje kuchukua ripoti kesho yake, kwa hiyo bado ilikuwa mezani kwangu. Katika mkono wake alikuwa na kitabu cha Jiografia na Mazingira. Kwa mazoea tu, nikamwambia afungue popote anisomee. Akasoma. Alikuwa anasoma kama mtangazaji wa Redio Tanzania ya zamani, mkato unasikika, nukta inasikika, "mmomonyoko" limepita bila kugusa ukingo.

"Vizuri sana. Sasa nionyeshe. Kutoka hapa dirishani, huo mmomonyoko uko wapi?"

Alitazama nje. Pale chini korongo lilikuwa limekula hatua nyingine mbili tangu mvua za Novemba, goli la kusini limeinama. Akatazama kwa makini sana, kama anavyofanya kila kitu.

"Hapa haupo, Mwalimu."

"Uko wapi?"

Akainua kitabu kidogo, akanionyesha ukurasa.

Nilimruhusu aende nyumbani, giza lilikuwa linaingia. Nikaivuta ripoti yake na kikaratasi chake. Nilikuwa nimeshaandika "Hongera", kwa wino.